Usikate koni ya koleti kwenye choki ya taya tatu

Mkuu, usiwashe mashine kwanza. Umesema unataka kujitengenezea choki ya koleti kwa mashine ya kukereza (koleti ni kibano cha duara chenye mipasuo, kinachoshika kazi kikisukumwa ndani ya koni), una duara la chuma la milimita 75, utalibana kwenye choki ya taya tatu, ukate uzi na koni ya ER32 upande wa mbele, kisha uligeuze, ukereze kikalio cha nyuma, yaani tundu pana la kukalia, na kulifunga kwa bolti kwenye flenji ya spindo, ekseli inayozungusha kazi. Ukauliza pia koleti za saizi ya ER25 au ER32, chuma gani, na kama kuna haja ya kukikaza kwa moto. Hayo yasubiri, maana kwa mpangilio huo utapata choki ya kupendeza inayoyumba. Ninayo moja ya aina hiyo. Inazuia mlango wa karakana usipigwe na upepo, na kwa kazi hiyo usahihi wake unatosha kabisa.

Choki ya taya tatu, hata iliyo nzima, ni nadra kushika kitu katikati kabisa; 0.05 hadi 0.1 mm ni jambo la kawaida. Ukikata uzi, koni na uso wa mbele bila kufungua taya, vyote vitakuwa na mhimili mmoja, na mpaka hapo hujakosea kitu. Balaa linaanza unapogeuza. Kikalio cha nyuma kinapata mhimili wake, koni ina wake, na mihimili hiyo ikipishana 0.05 mm saa ya kupimia, ile yenye sindano inayoonyesha kuyumba, itasoma 0.1 kwa mzunguko mmoja. Na kupishana sambamba ndiyo nafuu. Kipande kikikaa kimeinama kidogo baada ya kugeuzwa, koni inaelekea pembeni, na kadiri kazi inavyotokeza nje ya choki ndivyo kuyumba kunavyozidi. Koleti ya bei ghali haikuokoi. Itashika vizuri sana, kuelekea kulekule koni inakoelekea.

Wala usijiambie utarekebisha baadaye. Dawa pekee ni kuikata koni upya, na kila unapopanua kipenyo chake kwa 0.1 mm, koleti inazama ndani karibu 0.36 mm. Ikizama sana inabidi upunguze uso wa mbele ili nati iifikie, na ukipunguza uso unakula uzi. Unaendelea hivyo mpaka mwili unaisha.

Najua ulikoupata mpango huo, kwa sababu kisima hicho nami nilikinywa. Ni zile video ambazo fundi anamaliza kukata koni, anaingiza saa ndani, sindano haitikisiki, anatabasamu. Itatikisikaje? Kipande hakijatoka kwenye taya zilizokuwa zimekishika kikikatwa! Hata ungekibana kimepinda waziwazi, tundu ulilolikata hapohapo litasoma sifuri. Halafu picha inaruka, tunaonyeshwa choki imeshafungwa kwenye spindo, inang'aa kwa mafuta, na saa imerudi kabatini. Kipimo pekee chenye maana, kile cha baada ya kuhamisha, hakionyeshwi. Huyo hafundishi ukerezaji, anatusikilizisha muziki.

Sheria ni moja: koni inakatwa mwisho, mwili ukiwa umefungwa kwenye spindo utakayoitumia, na ukiufungua siku yoyote unarudi palepale ulipokatiwa.

Kwa hiyo anza na nyuma. Bana kipande kwenye taya, safisha uso, toboa tundu la kupita la 20 mm, kisha kereza kikalio kitakachoivaa kola ya spindo, ile shingo ya duara inayotokeza kwenye flenji. Hapa kuna mtego: huwezi kukijaribisha, kwa sababu spindo yenyewe imekaliwa na choki. Kabla ya yote kereza geji, kipande chenye kipenyo sawasawa na kola hiyo, ukikipima kwa maikromita. Kama spindo yako ni ya uzi, geji iwe na uzi huohuo. Kikalio kiingie kwa kusukuma kwa mkono bila kucheza. Nafasi ya 0.01 hadi 0.02 mm inatosha. Kina chake kizidi urefu wa kola kwa nusu milimita, la sivyo mwili utagota kwenye kola badala ya kulala kwenye flenji. Matundu ya bolti yawe na nafasi, maana bolti kazi yake ni kuvuta. Anayeweka katikati ni kikalio.

Toa choki. Futa flenji kwa kitambaa, halafu pitisha kidole, kwa sababu chenga moja ya chuma hapo inaharibu kila kitu kitakachofuata. Funga mwili, kaza bolti kwa zamu, na piga alama ya panchi kwenye mwili na kwenye flenji zikitazamana. Alama hiyo ndiyo njia ya kurudi palepale.

Sasa kereza nje ukitumia mwendo wa slaidi kubwa, inayotembea sambamba na mhimili, ukiacha sehemu laini ya kama 35 mm nyuma ya uzi. Uzi wa ER32 ni M40 × 1.5, kina chake 0.92 mm kwa upande, na ukate ukiwa na nati mkononi. Nati nunua, usitengeneze: ndani ina pete iliyokaa upande, ndiyo inayoing'oa koleti unapofungua. Uzi uje kabla ya koni, kwa sababu mikato mizito inaweza kuusogeza mwili kwenye kikalio. Ukisogea, koni ya mwisho itasahihisha. Koni ikishapita, hakuna wa kusahihisha.

Koni ya ER ni digrii 8 kila upande. Usiiamini mistari iliyochorwa kwenye slaidi ndogo ya juu, ile inayogeuzwa kwa pembe. Kosa la robo digrii tu, kwa urefu wa 28 mm, ni 0.12 mm kwa upande. Tumia ile sehemu laini ya mwili uliyoikereza. Funga saa kwenye slaidi ya juu, ncha yake iguse ubavu wa mwili kwa kimo cha senta, yaani kimo cha mhimili wa spindo, ikiwa mraba na mhimili huo. Sogeza slaidi 30 mm kamili kwa kupiga hesabu kwenye gurudumu lake, ukizungusha upande mmoja tu ili ulegevu wa skrubu usikudanganye. Saa isome 4.18 mm. Ikisoma pungufu, pembe ni ndogo. Ikizidi, ni kubwa. Gonga slaidi kidogokidogo na rudia, na ukikaza bolti zake pima tena, maana zikikazwa huwa zinaihamisha.

Kisu cha ndani kiwe kwenye senta, slaidi kubwa ifungwe isitembee, na ukate kwa kuzungusha slaidi ya juu kwa mkono, polepole, bila kusimama katikati. Mikato ya mwisho iwe ya 0.05 mm, kisha pitisha kisu mara moja tena bila kuongeza kina. Usiguse koni kwa msasa. Nyuma yake acha nafasi tupu ili kisigino cha koleti kisigote.

Kabla ya mkato wa mwisho, jaribu kwa rangi ya buluu ya mafundi, inayoonyesha pale nyuso mbili zinapogusana. Ingiza ndani ya koleti pini iliyosagwa ya kipimo chake halisi, kwani koleti tupu hujikunja ikafuata koni mbovu na kukupa jibu la uongo. Paka koleti mistari 3 kwa urefu, iingize kwenye koni, zungusha kidogo, toa. Rangi ikifutika mdomoni tu, pembe ya mwili ni ndogo mno. Ikifutika nyuma tu, ni kubwa, na hilo ndilo baya zaidi, kwa sababu mbele ya koleti inabaki haina inapoegemea.

Ukimaliza, pima ndani ya koni kwa saa ya ncha ya pembeni. Halafu fungua bolti zote, toa mwili, urudishe kwenye alama, upime TENA. Kipimo cha pili ndicho cha choki yako, kikivuka 0.01 mm, kagua uchafu kwenye flenji na kikalio kabla hujafikiria kukata chochote.

Baada ya hapo weka koleti na pini. Koleti inabanwa kwanza ndani ya nati mpaka ilie "tak", ndipo nati inafungwa kwenye mwili. Usikaze koleti ikiwa tupu, wala usiingize kitu kinene kuliko kipimo chake. Pima karibu na nati, kisha 50 mm mbele. Ikiyumba, geuza koleti nusu mzunguko: sehemu ambayo saa inasoma juu zaidi ikihama na koleti, lawama ni ya koleti, ikibaki na mwili, ni koni yako.

Chuma laini cha kawaida kinafaa. Kereza nyuma kwanza, kifunge, na nipe usomaji wa saa kwenye uso wa mbele kabla hujagusa koni.