Kwa nini panya wa majaribio hupewa dozi kubwa kuliko binadamu

Wengine hudai kwamba panya wanaotumiwa kupima kama kemikali husababisha saratani hupewa dozi kubwa ili tu saratani itokee. Hapana, dozi kubwa si mbinu ya kulazimisha saratani itokee. Sababu ni uchache wa wanyama. Mpango wa Taifa wa Toksikolojia (elimu ya sumu) wa Marekani (NTP) kwa kawaida hutumia panya wa aina mbili, wakubwa (rats) na wadogo (mice), kwa miaka 2, takriban madume 50 na majike 50 kwa kila dozi, dozi 3, pamoja na kundi lisilopewa kemikali. Dhara linalompata mmoja kati ya 10,000 halitaonekana kwa wanyama 50, kwa hiyo dozi hupandishwa.

Dozi ya juu huchaguliwa baada ya jaribio la siku 90, na hapo ndipo penye kazi: ikizidi, panya hukonda au hufa kabla uvimbe haujapata muda wa kujitokeza, na miaka 2 imepotea bure. Ikiwa ndogo mno, jibu la "hakuna ushahidi" wa saratani halimaanishi kitu. Mwishoni tishu hukaguliwa kwa hadubini.

Ila matokeo yanaonyesha tu kama kemikali inaweza kudhuru. Hatari kwa watu hukadiriwa kando, kulingana na kiasi kinachowafikia.