Fuso la zamani kuzima mlimani

Kaka, kama Fuso linazima mlimani kisha ukipiga pampu ya mkono linawaka tena, tafadhali usifungue bado pampu ya nozeli, ile inayosukuma diseli kwa presha kwenda kwenye injini. Ni gharama kubwa, na huenda ni nzima. Anza kwa kutafuta hewa inayoingia kwenye diseli. Mpira wa kutoka tangi hadi pampu ndogo, ile inayovuta diseli, unanyonya, kwa hiyo ukipasuka huoni diseli ikidondoka; unaingiza hewa, na fundi anaupita kwa kuwa ni mkavu. Weka kipande cha mpira wa kuonea ndani kabla ya pampu ya nozeli, uwashe. Yakipita mapovu madogo kama ya soda, badilisha mipira na washa za shaba, zile pete za kuziba kwenye maungio. Yasipopita, fungua chujio la ndani ya tangi. Mara nyingi limejaa kutu.