AM ya zilipendwa tupu Mwanza, italipa?

Mkuu umeuliza kama redio ya AM (yale mawimbi ya kati ya redio za zamani) inayopiga zilipendwa tupu itatoboa hapa Mwanza, kimuziki sioni shida, wazee wapo na hizo rekodi nyingi ni mono (sauti ya njia moja, si stereo) wala hazidai besi nzito, ishu ni nani atakusikia maana simu zetu zenye redio ni FM tu, AM hamna, unabaki na wenye redio za mkulima kule Ukerewe. Halafu mnara sasa, kwenye kHz 1000 wimbi moja ni mita 300, mnara wa robo wimbi unaenda kama mita 75, na chini unafukia nyaya za shaba pande zote, na shaba unajua inavyopotea usiku huku kwetu. Radi za ziwa hili nazo, usiku ndo zinachachamaa, AM inazinasa zote, kra kra kra katikati ya solo. Mwenye duka la nyavu pale Kirumba alipie tangazo kwa kelele hizo? Mi ningekodi masaa mawili ya Jumapili kwenye FM ya hapahapa, matangazo nitafute mwenyewe.