Banda la Ndege Si Ghala: Majibu kwa Wasomaji

Nina ghala Dar es Salaam lenye upana wa mita 30. Mabawa ya Q400, ndege ya abiria ya injini mbili za pangaboi, yana upana wa mita 28.4. Nikivunja ukuta wa mbele, si itaingia?

Swali hili hunijia kwa sura nyingi, na karibu kila mara muulizaji amepima mabawa akasahau mkia. Mkia wa Q400 huinuka zaidi ya mita 8 kutoka sakafuni, kimo ambacho kenchi za maghala mengi hazikiachi. Tena, nafasi ya sentimita 80 kila upande ni ndogo mno kwa ndege inayosukumwa na trekta. Hata hivyo, hatari kubwa zaidi imo katika ukuta huo unaotaka kuuvunja, kwa sababu mara nyingi ndio unaolizuia jengo lisiyumbe, na ukiuondoa bila kuweka fremu imara mahali pake, utakuwa umelidhoofisha jengo zima. Isitoshe, mlango mpana ukiwa wazi, upepo huingia na kulisukuma paa kutoka ndani, huku upepo unaopita juu ukilivuta, na nguvu hizo mbili hujumlishwa. Ndiyo maana paa jepesi la mabati hudai msingi mzito wa kulishikilia chini. Uza ghala hilo, ujenge banda jipya, na mchoro wake uanze na mlango.

Sakafu iwe na zege la unene gani?

Swali haliulizwi hivyo. Taja aina ya ndege, uzito unaobebwa na kila mguu, mahali zitakaposimama jeki, na hali ya udongo. Bila hayo, atakayekutajia tarakimu anabahatisha.

Mlango wa kuteleza au wa kupanda juu?

Wa kuteleza, ikiwa kuna nafasi pembeni. Ule wa kupanda huning'iniza uzito wake wote kwenye boriti ya juu, kwa hiyo uamuzi ufanywe kabla ya kenchi kuchorwa.

Mkandarasi anataka kufunga vyuma vya mshazari, vile vinavyozuia fremu zisiyumbe, mwishoni mwa kazi ili kreni ipite. Nimruhusu?

Usimruhusu hata kwa siku moja. Tarehe 31 Januari 2024, banda la chuma lililokuwa likijengwa katika uwanja wa ndege wa Boise, Marekani, liliporomoka, likaua watu 3 na kujeruhi 9. Wakaguzi wa usalama kazini walieleza kwamba fremu zilisimamishwa bila kukazwa vya kutosha, na kwamba boriti zilizopinda na kamba za chuma zilizokatika zilikuwa zimekwisha kuonekana kabla ya ajali. Dai mchoro unaoonyesha kila hatua ya kusimamisha fremu, na kazi isimame upepo unapozidi.

Je, mfumo wa povu la kuzimia moto ni lazima?

Hutegemea ukubwa wa banda, kazi inayofanyika ndani na masharti ya mamlaka husika. Kanuni ya Marekani ya kukinga mabanda ya ndege dhidi ya moto, iitwayo NFPA 409, ambayo wachoraji wengi huinakili bila kuangalia toleo, ililegeza sharti hilo mwaka 2022, baada ya kudhihirika kwamba povu hufyatuka mara nyingi pasipo moto wowote. Povu la zamani lina kemikali za florini zisizooza ardhini wala majini. Ukilazimika kufunga mfumo huo, chagua povu lisilo na florini, na ujenge tangi la kulikusanya kabla halijafika visimani mwa majirani.