Stendapu siyo mstarini

Juzi nimekaa pembeni kwenye stendapu, kile kikao kifupi cha kila siku, ya timu yetu mpya ya kutengeneza programu. Dakika arobaini! Kila mtu anamgeukia Skramu Masta, yule mlezi wa utaratibu wa timu, na kumripotia, utadhani mwanafunzi mbele ya mwalimu wa zamu: "Jana nilifanya tiketi ile, leo naendelea, sina kizuizi." Hana kizuizi, na tiketi yake, yaani kazi aliyopangiwa, imelala tangu Jumatatu ikisubiri wa kuipitia. Wadogo zangu, nawapenda, ila mnanimaliza.

1. Stendapu ni dakika 15, ni yenu, na ni ya kupanga siku. Yale maswali matatu ya jana, leo na kizuizi yalishaondolewa kwenye Mwongozo wa Scrum, huo utaratibu wa kazi tunaoufuata, toleo la 2020. Skramu Masta akiumwa, endeleeni. Wala hakuna palipoandikwa msimame.

2. Agile na Scrum si kitu kimoja. Agile ni mtazamo wa kutengeneza programu hatua kwa hatua; Scrum ni utaratibu mmoja tu ndani yake. Schwaber na Sutherland, waasisi wake, waliitambulisha Scrum hadharani mwaka 1995. Ilani ya Agile ikaandikwa 2001 na watu 17 huko Utah. Na ilani haijakataza nyaraka. Anayesema "sisi ni agile, hatuandiki maelezo" ni mvivu tu.

3. Pointi, zile namba za kukadiria uzito wa kazi. Hapa nikae kidogo, maana hapa ndipo nilipoharibu timu.

Mwongozo wenyewe hauzitaji kabisa. Nilikuwa naongoza timu kwenye kampuni moja ya malipo hapa Dar, bosi akataka kujua nani anafanya kazi. Badala ya kumwambia Jira, programu yetu ya kufuatilia tiketi, haijibu swali hilo, nikatengeneza chati: majina na pointi za kila mmoja kwa sprinti (mzunguko mfupi wa kazi), kinara juu. Nikaichapa kwa rangi, nikaibandika ukutani juu ya chupa ya chai. Nilijiona mjanja.

Makadirio yakaanza kunenepa. Kubadili maandishi ya kitufe, "Tuma" kuwa "Tuma pesa", pointi 5. Hakuna aliyecheka, hata mimi; velositi, yaani jumla ya pointi kwa sprinti, imepanda, bosi amefurahi. Mkiani alikuwa dada mmoja ambaye nusu ya siku yake iliishia kupitia msimbo wa programu ulioandikwa na wenzake, akiacha maoni marefu, yenye subira. Kazi hiyo haina tiketi. Alipoona jina lake limeganda pale chini, akaacha kupitia, akaanza kuokota tiketi nyepesi kama wengine. Wala hakugomba.

Ndipo ukapita msimbo wa kurudia muamala mtandao ukikatika, bila namba ya kipekee ya kuzuia mteja asikatwe mara mbili. Wawili waliuidhinisha kwa dole gumba. Mwisho wa mwezi, Ijumaa jioni, wateja wanalipa mara moja na kukatwa mara mbili. Tulikesha tukirudisha hela za watu. Yule dada alipoufungua, hakumaliza hata dakika, akauwekea kidole mstari wenyewe. "Kaka, hii ningeiona." Basi. Baadaye akaacha kazi, na sikuwa na uso wa kumwomba abaki.

4. Ahadi ya sprinti ni lengo lake, si kila tiketi iliyomo.

5. Retro, kikao cha kujitathmini mwisho wa sprinti, itoke na jambo moja la kurekebisha, liingie sprinti inayofuata. Malalamiko kumi na mawili kwenye ubao ni baraza tu.

6. Mwenye bidhaa, yule anayeamua kipi kitengenezwe kwanza, ni mtu mmoja, si kamati. Mkurugenzi akikudaka koridoni, "kijana, niwekee kitufe hapo", mwelekeze kwake, kwa adabu. Kuna kimoja nilikiweka kwa aibu ya kukataa. Kipo mpaka leo, na hakuna anayejua kinafanya nini.