Paka wako analia usiku kucha? Usimmwagie maji kwanza

Jamani kama una paka anayelia mpaka majirani wanakugongea mlango, hii ni yako. Mi nafuga paka mwaka wa 12 sasa hivi hapa Dar, na yule wa kwanza, Mwezi, ana doa jeupe la mviringo kifuani ndo maana nikamwita hivyo, nilikaribia kabisa kwenda kumtupa sokoni kwenye mabucha ya samaki. Mpaka leo nikikumbuka naumia maana hakuwa na kosa lolote.

Alikuwa na miezi kama sita, mi bado namuona mtoto, usiku mmoja saa nane akaanza. Sio ile nyau ya kuombea dagaa, ni kilio kirefu cha kuvuta kama mtoto mchanga, huku anajigaragaza sakafuni, anajisugua kwenye miguu ya kitanda, ukimgusa mgongo anabinua kiuno na kupeleka mkia pembeni. Na nyumba yenyewe ya kupanga, vyumba sita, ukuta mmoja. Asubuhi mama wa chumba cha pili akaniambia paka wa hivyo analeta nuksi, mwingine akasema ameona kitu, ndugu yangu akanishauri nimmwagie maji. Nikammwagia. Akakimbilia uvunguni akawa anatetemeka huko, nikadhani nimemaliza, baada ya nusu saa akaanza upya.

Kumbe alikuwa kwenye joto tu, anaita dume. Jike anaweza kuanza hata na miezi minne, joto lenyewe linakaa kama wiki hivi, asipopandwa linarudi baada ya wiki mbili tatu, na litarudi tena na tena. Kule Ulaya wanapata mapumziko wakati wa baridi kwa sababu joto la paka linafuata urefu wa mchana, sasa sisi tulio karibu na ikweta mchana ni kama saa 12 mwaka mzima kwa hiyo usikae kusubiri msimu uishe. Maji hayasaidii, kumfungia hakusaidii, cha kusaidia ni kumpeleka kwa daktari wa mifugo afungwe kizazi, na kama ni dume linalozurura likipiga kelele na kukojolea kuta basi lihasiwe. Utaambiwa mwache azae kwanza mara moja. Usikubali, haimsaidii chochote kiafya, na mimba ya paka ni kama siku 65 tu, ukizubaa una wengine wanne ndani.

Sasa kuna kilio kingine ambacho tunakifundisha wenyewe. Paka wakubwa wao kwa wao ni nadra sana kuambiana nyau, kitoto ndo kinamlilia mama yake, kikikua kinaacha. Ila akiishi na sisi haachi, anaona kwa huyu mtu sauti inafanya kazi. Yaani ile nyau ni ya kwako wewe.

Nililiona hili kwa Kahawa, paka wangu wa pili, dume. Bibi alikuja kutoka Tanga akakaa kwetu miezi mitatu, kila akiamka kuswali alfajiri anampa Kahawa kichwa cha samaki. Bibi akarudi kwake. Kahawa hakuambiwa. Adhana ikilia tu yuko mlangoni kwangu anapiga kelele na kukwaruza mbao, na mi nikawa naamka nampa ili nilale. Nikaendelea hivyo wiki nyingi, sielewi kwamba kila nikiamka namwambia endelea.

Nilivyoacha ni hivi. Jioni nacheza naye na kamba niliyofunga kipande cha kanga mwishoni, dakika kumi na tano mpaka aheme, alafu ndo nampa chakula cha usiku, kwa paka ni hivyo, anawinda, anakula, anajilamba, analala. Asubuhi siinuki akilia, na hata nikiamka mwenyewe simpi hapo hapo, nasubiri kwanza chai iive ili asihusishe kuamka kwangu na bakuli lake. Nikwambie ukweli, wiki ya kwanza alizidisha, alilia kuliko mwanzo, na hapo ndo watu wengi wanashindwa, na ukishindwa siku ya tano umemfundisha kwamba akilia siku tano atapewa. Vumilia. Wala usimfokee, maana kwake hata kufokewa ni kujibiwa. Kwetu ilichukua kama wiki tatu.

Ila hiyo ya kumpuuza ni kwa paka ambaye unajua ni mzima tu. Naomba hapa usome taratibu. Mwaka juzi Kahawa alianza kulia mchana, sauti nzito ya chini, anaingia kwenye beseni la mchanga, anachuchumaa, mkia unatetemeka, anatoka, anarudi. Nikafukua ule mchanga wote, mkavu, tone moja tu lenye rangi ya damu. Duka la dawa nililoenda kwanza waliniambia amefunga choo. Daktari alipomgusa tumbo akanishika mkono nami nikagusa, kibofu kigumu kama limau. Mkojo ulikuwa umeziba. Dume likiziba hivyo linaweza kufa ndani ya siku moja mbili, kwa hiyo hata ikiwa saa tano usiku tafuta daktari. Na usimpe panadol, hata kipande, kwa paka ni sumu. Kahawa aliwekewa mpira wa kutoa mkojo, akalazwa, akapona.

Tangu siku hiyo paka wangu akibadilisha kilio chake naangalia kwanza amekula nini, amekojoa lini, ana uzito gani.

Ndo ilivyokuwa kwa Mwezi mwaka huu. Amefungwa kizazi miaka mingi, kimya chake nimekizoea, ghafla usiku akawa anasimama kwenye korido analia kuelekea ukutani. Anakula sana, anamaliza chake na cha Kahawa, lakini ukimbeba unahisi mbavu. Nikampima, kutoka kilo 4 mpaka 3. Walimtoa damu wakakuta tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi, hiyo inawapata wengi wakishavuka miaka kumi. Sasa anakula kidonge kila siku, nakificha ndani ya kipande cha samaki, na usiku naacha taa ya korido ikiwaka. Bado analia siku moja moja. Namwita jina lake kutoka kitandani, Mwezi, niko huku, ananyamaza, kisha nasikia kucha zake zinakuja kwenye sakafu.