Nesi na mtu wa ustawi kwenye igizo moja: maswali yenu

*Madam, niko uuguzi mwaka wa pili, wiki ijayo tunafanya igizo la mgonjwa na wenzetu wa ustawi wa jamii. Wao wodini wanakuja kufanya nini?*

Mdogo wangu, subiri uone. Mwezi uliopita kesi ya igizo letu ilikuwa binti wa miaka 14 kaungua mkono, kaletwa na mjomba. Nesi wetu kaosha kidonda safi kabisa, kampa dawa ya maumivu, kaandika faili, ila kila swali anamuuliza mjomba. Yule wa ustawi akavuta stuli akakaa usawa wa macho ya binti, akamwomba mjomba akafuate kadi mapokezi, na hazikupita dakika mbili binti akasema maji yale hayakumwagika yenyewe. Sasa nani kamtibu?

*Chuo chetu hakina mdoli wa kisasa, tutaweza?*

Mnaweza sana. Mdoli ni wa kukandamizia kifua na kuchomea sindano, kesi kama hizi zinataka mtu anayeongea, na dokta Howard Barrows kule Marekani alishaanza kufundisha kwa watu wanaoigiza wagonjwa tangu 1963. Tafuteni kitanda, shuka, na mtu aliyeishika stori yake vizuri, halafu stori iwe na jambo moja asilolisema mpaka aulizwe kwa upole.

*Si kila mtu asome cha kwake, kazini watakutana?*

Hapa ndo roho inaniuma. Watakutana kweli, ila saa nane usiku, mtoto kabakwa, yuko mbele yao, nesi anajua dawa za kuzuia VVU zinatakiwa ndani ya saa 72, wa ustawi anajua mtoto hawezi kurudi kulala nyumba ileile, na hawajawahi kuongea hata siku moja! Victoria Climbié, mtoto wa miaka 8, aliuawa London 2000 na walezi wake, na mwaka 1999 alikuwa ameshapita hospitali mbili na kwa maafisa ustawi, wote walimwona. Uchunguzi uliotoka 2003 ulionyesha taarifa hazikufika kwa aliyezihitaji.

*Mwanafunzi wangu alilia katikati ya igizo, nilikosea?*

Hujakosea kaka, ila ulisimamisha? Waambie mapema kwamba yeyote anaweza kusema basi. Maongezi ya baadaye yawe marefu kuliko igizo lenyewe, na aanze aliyecheza mgonjwa, kwa sababu yeye ndo anajua nani alimsikiliza. Halafu avue ile kanga ya igizo, muiteni jina lake halisi, na jioni mpigie simu.